Mpira wa Baiskeli Mkononi mwa Mama

Kipimo cha presha kinanuka mpira, na kila ninapomfunga nacho mgonjwa mkononi, hasira hunipanda upya.

Mama alikuwa amepasuliwa rovu shingoni. Kidonda hakijapoa, midomo yake ikaanza kufa ganzi na vidole kujikunja vyenyewe. Baba, askari wa base, kambi ya jeshi, asiyeogopa risasi, aliviogopa vidole hivyo. Badala ya kumrudisha mama hospitali, akaita watu wa maombi.

Walimkalisha mkekani uani, jua likiwaka. Mkubwa wao akakata mpira wa ndani wa baiskeli yetu, akamfunga mama juu ya kiwiko, eti pepo asipande moyoni. Haikuchukua muda, kiganja kikajipinda na vidole vikashikana kama vya mtu anayechota chumvi.

“Munaona? Njo pepo hii!” akapiga kelele. “Kaza tena!”

“Mufungule, iko inauma,” mama alisema. “Minyi siko na pepo.”

“Pepo njo iko inasema!” wakajibu.

Mama hakuiona Jumapili iliyofuata.

Leo mimi ni muuguzi, na kile walichokifanya uani kwetu ni kipimo kamili cha hospitali. Naukaza mkono wa mgonjwa kwa kipimo cha presha, nangoja. Vidole vikishikana vile, najua damu yake imepungukiwa kalsiamu, kama inavyowatokea waliopasuliwa rovu, na sindano anaipata palepale.

Kwa hiyo waliiona. Dalili yenyewe ilikuwa mbele ya macho yao, mchana kweupe. Mimi nikiiona, nafungua.

Wao walikaza.