Kitu cha Leo

Juzi nilimtuma mjukuu wangu dukani akaninunulie chumvi. Akaenda, akakawia weee, akarudi na chumvi mkononi na jasho usoni. Nikamuuliza, "Umeona nini huko?" Akanijibu, "Hakuna kitu, nyanya." Hakuna kitu! Mji mzima wa Malindi, na watu wake na punda wake na kuku wake, mtoto kaupita kwenda na kurudi, hakuna kitu. Sikumkemea. Niliichukua chumvi nikaingia jikoni, na mchuzi wa siku ile, mwenzangu, niliutia chumvi mara mbili kwa mawazo.

Maana zamani zetu jibu lile lingeninyima kahawa.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, nyuma ya msikiti, miaka ile kabla ya Vita vya Wajerumani. Baba alikuwa na shamba la ufuta na mtama upande wa mto Sabaki, na siku nyingi alikuwa hukohuko, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wanawake: nyanya, mama na mimi. Chumba cha nyanya, mzaa baba, kilikuwa ghorofani, kikitazama uani. Asubuhi kilinuka asmini za jana, mchana kilinuka miyaa mibichi, kwa kuwa kutwa alikuwa akisuka ukili wa mikeka, vidole vyake vikienda vyenyewe huku macho yapo kwingine. Mbele ya nyumba kulikuwa na dirisha moja lenye vijiti vya kusitiri. Ukichungulia uliona ukuta wa jirani na kipande cha njia, basi.

Nyanya alikuwa mtu wa Lamu, aliletwa Malindi bibi harusi. Na huko kwao, na hapa pia katika ujana wake, mwanamke wa nyumba kubwa hakutoka ila ndani ya shiraa. Wewe huenda hujaiona. Ni kitambaa kizito kilichoshonwa mfano wa hema dogo, kimeshikiliwa kwa miti. Wajakazi wanashika miti, mmoja mbele mmoja nyuma, na bibi anatembea katikati, haonekani wala haoni. Nyanya alikuwa akituambia kwamba ndani ya shiraa aliijua Malindi kwa mchanga wake na visigino vya aliyemtangulia.

Kisha ikaja sheria ya kuwaacha watumwa huru. Walioshika miti wakaenda zao, wengine wakalima mashamba yao, wengine wakajenga vibanda mjini, na ilikuwa haki yao. Nyanya akabaki na shiraa imekunjwa kashani na karafuu za kufukuza nondo, na hakuna wa kuibeba. Wanawake wenziwe walipoanza kuvaa buibui, kitu kipya kilichoingia mjini siku hizo, yeye alikataa katakata. "Mimi nitoke kama kunguru?" akasema. Lakini mama alinambia siri yenyewe jikoni: buibui lilivaliwa na kila mtu, bibi na aliyekuwa mjakazi wake, na njiani huwezi kuwapambanua. Hapo ndipo nyanya alipokwama. Miaka ikapita hajavuka kizingiti.

Basi akanifanya mimi macho yake. Kila siku, mwenye kahawa alipopita akigonganisha vikombe vyake baada ya sala ya alasiri, nilipanda kwa nyanya. Mbele yake paliwekwa kahawa na sahani ya kaimati zinazong'aa kwa shira ya sukari. Sikuruhusiwa kunyoosha mkono. "Haya," angesema, "kitu cha leo?" Na mimi nilitakiwa nitoe kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu njiani, nikienda chuoni kusoma Kurani au nikitumwa nazi. Habari za harusi na matanga hazikuhesabiwa. Hizo aliletewa na wageni, tena zimeongezwa viungo. Alitaka kitu ambacho mtu mwingine asingejali kukisema.

Usidhani ni rahisi. Siku za mwanzo nilirudi mikono mitupu, nikakaa nikizitazama kaimati huku yeye akizila moja moja, polepole, akilamba vidole. Hakuwa na huruma hata chembe. Siku ya pili yake nilitoka nimekaza macho mpaka yakauma, na nikaona kwamba paka wa Mhindi mwenye duka alikuwa amelala ndani ya kitanga cha mizani, na Mhindi, badala ya kumfukuza, alimwambia mteja asubiri kidogo. Mteja akasubiri! Akakaa juu ya gunia, wote watatu kimya. Nilipomweleza nyanya, alicheka akakohoa, akanisukumia sahani yote.

Tangu hapo mji ukanifungukia. Nilimwona mwalimu wetu wa chuo, mtu aliyetutetemesha kwa bakora yake, akilikwepa jogoo la jirani kwa kupita njia ndefu. Nilimwona fundi wa kofia akizungumza na sindano yake. Siku za soko walikuja Wagiriama na mahindi na makaa na kuku. Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja mwenye rinda la mikunjo mingi, ambaye kila akija alikuja na kuku mwekundu ndani ya kikapu, kichwa nje, akitazama watu. Kuku wengine wote aliwauza. Huyu, kila aliyeuliza bei aliambiwa bei ya kumkimbiza. Jioni anarudi naye kwao. Nyanya alimpenda kuku yule kupita kiasi. "Leo je, kamuuza?" ndilo swali la kila soko, na nikisema bado, alisema alhamdulillahi na kuendelea na ukili wake.

Siku moja nilidhani nimempatia. Ilikuja meli kubwa ya moshi, ikapiga honi, watu wote wakamiminika ufukweni, nami katikati yao. Nikapanda ngazi mbio, nikamwaga habari yote: moshi, honi, Wazungu na kofia zao. Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo nitaambiwa na mji mzima," akasema. "Kitu chako ki wapi?" Loo, nilikasirika! Nikakaa nimenuna, kahawa inapoa, mpaka nikakumbuka kwamba mzee aliyesimama mbele yangu, katika haraka ya kuja kutazama, alikuwa amevaa viatu kombo, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, na hakuwa na habari. "Ehee!" akasema nyanya. "Hiyo ndiyo meli."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, yeye na mimi. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, nalisema waziwazi maana wakati ule sikulisema. Na wote wawili tulijua kwamba mambo yale yana mwisho. Msichana wa nyumba kama yetu akivunja ungo hutawishwa: anawekwa ndani, hatoki tena mpaka aolewe. Macho ya nyanya yalikuwa yanakua, na kila niliporefuka alinitazama kwa jicho la wasiwasi, akanambia nisimame nyuma ya mlango anipime kwa bega lake, kisha akarudia ukili wake.

Siku ikafika, kama zifikavyo. Mama akaniosha, akanivisha kanga mpya, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuanzia leo hutoki." Nilipanda kwa nyanya wakati wa kahawa. Kaimati zilikuwepo. Hakuuliza kitu cha leo, nami sikuwa nacho. Tulikunywa kahawa tukisikiliza vikombe vya muuzaji vikienda mbali, na nililia, machozi yakaanguka ndani ya kikombe, na nyanya akajifanya ukili umemkatikia.

Tukakaa hivyo siku nyingi. Mimi nilijifunza kusuka ukili, na ukili wangu ulikuwa wa kuaibisha. Nyanya akawa mzito wa maneno, akala kidogo. Kuku wa Mgiriama hatukujua yu hai au kaliwa. Mara moja nyanya aliniuliza ghafla, "Unadhani kamuuza?" Nikamwambia siwezi kujua. Akasema, "Ndiyo, huwezi," na chakula chake akakirudisha jikoni.

Kila asubuhi mlangoni petu alikuja mama wa vitumbua, jirani yetu wa kibandani. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akishika mti wa mbele wa shiraa ya nyanya, miaka ile. Visigino nilivyokutajia ni vyake. Sasa alikuwa mtu huru, na biashara yake na buibui lake, akimwamkia nyanya kwa heshima na kupokea chake na kwenda zake. Mambo ya shiraa hayakutajwa na yeyote kati yao. Lakini asubuhi moja nilikuwa ngazini nikamsikia nyanya, aliyeteremka mwenyewe mpaka mlangoni, akisema kwa sauti ya chini:

"Una buibui jingine?"

"Ninalo, bibi."

"Safi?"

"Safi. Lakini miti sishiki."

Nikaogopa. Nyanya hakuwa mtu wa kujibiwa hivyo. Kisha nikasikia kicheko, kwanza cha mmoja, halafu cha wote wawili, wakicheka kama waliokutana harusini.

Kesho yake mama wa vitumbua alikuja na buibui moja mwilini na jingine kikapuni, chini ya vitumbua. Mama yangu alikuwa amekwenda matangani. Nyanya akalivaa uani, akahangaika na kamba zake, akalinusa akasema linanuka mafuta na iliki, akaambiwa ndiyo, ndilo lililopo. Kisha akavuta pumzi akavuka kizingiti. Mimi nilikimbilia dirisha la mbele, nikabana uso kwenye vijiti. Wakapita wanawake wawili weusi tititi, bega kwa bega, wa kimo kimoja, kwa mwendo mmoja. Nilimtafuta nyanya wangu kati yao. Wallahi sikujua ni yupi.

Sijapata kungoja kama nilivyongoja siku ile. Nilihofu ataanguka, nilihofu atatambuliwa, nilihofu mama atarudi mapema. Niliandaa kahawa, nikaipanga sahani. Niliposikia mlango nilikaa mahali pake, juu ya mkeka wake, sijui nilithubutuje. Nyanya akapanda ngazi akihema, miguu imejaa mchanga, buibui liko mabegani, uso umemwiva kwa joto. Akaniona nilipokaa. Hakuniambia niondoke. Akakaa palipokuwa pangu, akatulia, akanitazama.

"Haya, uliza," akasema.

"Kitu cha leo, nyanya?"

Nilijua atakachosema. Nilingoja paka wa Mhindi, au kuku mwekundu, au bahari, ambayo hakuwa ameiona tangu aliposhuka chomboni bibi harusi. Yeye akajifuta jasho na ncha ya kanga.

"Nimeuona mlango wetu," akasema, "kwa nje."

Akainua mikono kunionyesha.

"Una maua, ati! Una maua juu mpaka chini, na mnyororo umechongwa pembeni. Nimeishi nyuma ya mlango huu miaka yote hii na kwa ndani ni mbao tupu na komeo. Nimesimama njiani nikautazama mpaka mwenzangu akanivuta mkono. Na huku chini, upande wa kushoto, kuna ua moja fundi hakulimaliza. Kalichora, kaanza kulichonga, kaliacha. Wewe hukuliona?"

Sikuliona. Nilikuwa nimeingia na kutoka mlango ule utoto wangu wote, nikikimbilia mbali kutafuta paka na majogoo na viatu kombo vya watu, na sikuliona. Nikaanza kulia tena, nikamsogezea sahani ya kaimati maana ilikuwa haki yake. Akachukua moja, akaitia mdomoni, akalamba vidole.

"Unalilia nini?" akasema. "Kesho nitakuletea kingine."

Na aliniletea. Kila siku, mpaka nilipoolewa, walitoka wawili wale, na mama yangu alipojua alipiga kelele akachoka. Kuku mwekundu alikuwa hajauzwa. Nami siku ya kwanza nilipotoka, mke wa mtu, na buibui langu mwenyewe, kabla sijapiga hatua niligeuka nikainama. Ua lilikuwepo, chini kushoto, petali mbili zimechongwa na zilizobaki ni mchoro.

Wote hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Shiraa ililiwa, nondo walizishinda karafuu. Muuza kahawa mwenye vikombe simsikii tena, na buibui lenyewe, lililokuwa aibu ya nyanya, wasichana wa leo wanaliona la kizee. Nyumba iliinama mwaka wa mvua nyingi, tukaihama, na mlango ukauzwa kwa mtu wa mbali aliyeupakia na kwenda nao. Nasikia ameusimamisha ukumbini kwake, hauna nyumba nyuma yake. Sijui kama amewahi kuinama.

Leo nimemtuma tena mjukuu wangu dukani akanunue chumvi. Chumvi tunayo tele.