Kinanda Kilichogoma Kunyamaza Siku ya Harusi Yangu

Viapo vyangu vya ndoa niliviimba kwa noti moja tu, mwanzo hadi mwisho.

Si kwamba nilipenda. Ibada nzima iliimbwa juu ya noti hiyo hiyo, hata na mchungaji, na baba mkwe wangu nusura apasuke mishipa ya shingo.

Naona mmeshaanza kucheka. Ngojeni kwanza niwaeleze tulifikaje huko.

Mimi ni mpiga kinanda wa kanisa. Si kile cha umeme cha kubeba kwapani, hapana. Changu ni kinanda cha mabomba, kimejaa ukuta mzima, na mabomba mengine ni marefu kuliko mlango. Chini ya benchi kuna safu ya mbao za kukanyaga kwa miguu. Ukikanyaga moja, inatoka sauti nene mpaka viti vinatetemeka.

Kanisa lenyewe lilijengwa baada ya vita. La zamani lilikuwa limebaki kuta mbili na majivu. Waliosalia wakasema hawataki tena mapambo wala sanamu wala nakshi. Wanataka zege.

Basi mchora ramani akawapa zege mpaka wakome. Kuta za zege bila lipu, sakafu ya zege, paa limekunjwa kama hema, madirisha membamba ya vioo vya rangi. Mnara wa kengele akauweka peke yake kule uani, utadhani umenuniana na wenzake.

Kinanda akakipandisha juu, kwenye roshani ya zege iliyoning'inia nyuma ya watu. Unapanda kwa ngazi ya mzunguko, ukifika juu kichwa kinakuzunguka. Kumwona mchungaji natumia kioo cha pembeni cha gari, nimekifunga kwa waya.

Na mwangwi wa humo ndani, jamani! Ukikohoa wakati wa sala, kikohozi chako kinazunguka kanisa lote kikisalimia watu, ndipo kinarudi kwako.

Sasa sikilizeni hapa. Wakati kanisa linajengwa, kinanda kilifika kabla ya viti. Watu wakawa wanasali wamesimama kwenye sakafu tupu. Kinanda kikilia, hakuna aliyethubutu kusema neno, maana walikuwa hawajasikia muziki tangu vita vianze. Wengine walikuwa wanatoa machozi tu.

Viti vilipokuja, mazoea yalikuwa yameshageuka sheria. Mpaka leo, kinanda kikilia kanisani kwetu unasimama na huongei. Kuimba ruksa. Kuongea marufuku, hata kwa mchungaji.

Mlinzi wa sheria hiyo ni mzee mmoja wa kanisa tunayemwita Mzee Kanuni. Siku moja fundi wa taa alidondoka kwenye ngazi nikiwa katikati ya mazoezi. Mzee Kanuni alisubiri nimalize wimbo ndipo akaita msaada.

Fundi ni mzima, msiwe na wasiwasi.

Turudi kwa baba mkwe.

Siku niliyokwenda kujitambulisha kwao, sebule ilijaa: wajomba, majirani, mabinamu. Nimekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono inatoka jasho.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Napiga kinanda kanisani, mzee."

"Hiyo Jumapili. Siku nyingine unafanya kazi gani?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Nafanya mazoezi, nafundisha kwaya..."

Akawageukia watu. "Mnamsikia? Anabonyeza mbao, halafu anataka binti yangu!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mwenzenu nikatamani ardhi ipasuke nitumbukie na kochi lake. Niliumia, sitawaficha. Nilikwenda nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka kondakta wa basi anione nikilia.

Binti akashikilia msimamo, harusi ikapangwa. Lakini baba yake akatoa tangazo moja tu mezani, mbele ya mkewe na binti.

"Nitakuja kanisani. Nina neno langu, na nitalisema mbele ya watu wote."

Basi. Ukimwuliza neno gani, anachukua gazeti.

Tukaenda kwa mchungaji. Akakuna kidevu. "Mimi lazima niulize kama kuna mwenye pingamizi. Mzazi akisimama akapinga, sifungi ndoa mpaka mkae mkamalizane."

"Na tusipomalizana?"

"Basi tena."

Mchumba wangu hakulia. Alitazama roshani muda mrefu, akasema twende nyumbani.

Siku ya harusi ikafika na balaa lake. Msaidizi wangu, mtu pekee mwingine anayejua kile kinanda, akateleza bafuni na kuteguka mkono. Nikawaomba wazee waturuhusu tutumie spika.

"Kinanda kipo, spika ya nini?" akasema Mzee Kanuni.

Ikabidi nipige mwenyewe. Mpango ukawa hivi: bibi harusi anaingia, mimi juu napiga, akifika mbele nabonyeza noti ya mwisho, halafu nateremka mbio. Mwangwi ukizima, mimi niko pembeni yake nimetulia kama mtu aliyekuwepo siku zote. Tulifanya mazoezi na ikawezekana.

Shangazi yake, dada wa baba mkwe, akajitolea kukaa nami juu anifungulie kurasa. Shangazi ni mwanamke mwenye mwili wake, na siku hiyo alivaa gauni la kumwagika lililomeza benchi zima. Nilibaki na pahali pa kuegesha kalio moja.

Nikapiga. Kwenye kioo nikamwona bibi harusi anaingia ameshikwa mkono na baba yake, na vioo vya madirisha vinamwaga buluu kwenye shela. Nikakosea noti mbili kwa furaha.

Akafika mbele. Nikabonyeza ya mwisho, nikaruka benchi, nikateremka ngazi nikizunguka kama pia. Nikachomoza kando ya bibi harusi, nikajifuta uso, nikatabasamu.

Sauti bado ipo.

Nikajua ni mwangwi. Nikasubiri. Mchungaji kafungua kitabu, kafunga mdomo, anasubiri.

Sauti bado ipo. Moja, nene, ya chini: mmmmmmmm. Viti vinatetemeka.

Watu wote wamesimama. Hakuna anayesema. Mchungaji akanitazama kwa macho ya "fanya kitu."

Nikapanda tena mbio. Namkuta shangazi amekaa katikati ya benchi, anajipepea taratibu. Miguu humsumbua, kwa hiyo yeye husamehewa kusimama. Nikakagua vibonyezo vya mkono, vyote viko juu. Nikazima vishikio vyote vya sauti. Kile cha sauti ya chini hakizimiki, kilivunjika kabla sijazaliwa.

Nikamwuliza shangazi kwa mikono: nini kimetokea?

Akanyoosha kidole mbinguni.

Nikateremka. Kikabaki kitu kimoja: kuzima mota ya upepo. Mota iko chumba cha chini, chumba kina kufuli, na ufunguo uko kwa Mzee Kanuni. Nikamwendea. Amesimama wima, mkono kifuani, macho amefumba. Nikamfanyia ishara ya ufunguo. Akafungua jicho moja, akalifumba.

Haki ya Mungu, nikajaribu kuingiza mkono kwenye mfuko wake wa koti. Akanichapa kofi vidoleni bila hata kufungua macho.

Nikarudi mbele nimelowa jasho. Nikasema moyoni, ndoa imekufa hii, tena imeuawa na kinanda changu mwenyewe.

Ajabu ni bibi harusi. Ametulia tuli. Akavuta pumzi, akaimba, kwa noti ile ile ya kinanda:

"Mchungajiii, tuimbeee!"

Kanisa zima likageuka kumtazama Mzee Kanuni. Mzee akafungua macho yote mawili, akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Kuimba ruksa.

Na mchungaji wetu, msimwone vile, ni mtu wa besi. Akajikohoza, akaanza:

"Wapendwaaa, tumekusanyikaaa..."

Kwaya ikashtuka, kisha ikafanya inachojua. Ikadaka sauti ya tatu na ya tano, ikamsindikiza. Mwangwi ukaongeza kwaya nyingine juu yake.

Nikaulizwa kwa kuimba, nikajibu kwa kuimba. "Ndiyooo, nakubaliii." Bibi harusi naye akaimba sauti kama maji. Bibi mmoja kiti cha mbele akapiga kigelegele, akajiziba mdomo, hakujua kama sheria inakiruhusu.

Halafu ikafika pale.

"Kama kuna mtuuu mwenye pingamiziii," akaimba mchungaji, na jasho linamtoka, "aimbeee sasaaa, au anyamaze mileleee!"

Baba mkwe akapiga hatua mbele.

Bibi harusi akanibana vidole mpaka vikalia.

Baba mkwe akafungua mdomo. Ikatoka sauti kama gari linalokataa kuwaka asubuhi. Kwaya, kwa wema wao, ikaidaka na kuiwekea sauti ya tatu na ya tano.

Akarekebisha tai. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imesimama. "Miiimi..." Ikakatika. Kwaya ikamalizia, "Miiimiii," vizuri kabisa.

Watu wakaanza kuuma leso. Baba mkwe akatazama chini, akatikisa kichwa, akarudi mahali pake.

"Basi nawatangazaaa mume na mkeee!"

Na pale pale, kinanda kikanyamaza. Mchungaji akatoa machozi, akasema waziwazi kwamba ni mkono wa Bwana.

Tukatoka uani kupiga picha. Nikamwona shangazi anateremshwa ngazi na wanaume wawili, mguu mmoja anauburuta.

"Shangazi, pole. Umeumia?"

"Umekufa ganzi. Unadhani kukanyaga ule ubao chini ya gauni muda wote ule ni mchezo?"

Nikaganda. "Ni wewe?"

"Usinitolee macho. Muulize mkeo."

Mke wangu akaanza kucheka kabla sijauliza. "Baba hajawahi kuimba maisha yake yote. Hata kwenye nyimbo za ibada anafungua mdomo tu. Nilijua akilazimika kuimba, neno lake limeishia hapo."

"Kaka yangu huyo," shangazi akadakia. "Tangu shule alikuwa anatolewa nje ya wimbo."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikajiona nimeoa jenerali wa jeshi.

Mama mkwe alikuwa nyuma yetu, na hakuwa anacheka.

"Mnajua alitaka kusema nini?"

Mke wangu akaacha kucheka.

"Wiki nzima anajifungia bafuni anafanya mazoezi ya maneno. Na siku zile anazoniambia anapita dukani, alikuwa anakuja hapa. Anakaa nyuma ya nguzo, anasikiliza huyu akipiga kinanda." Akanielekezea kidevu. "Alikutukana mbele za watu. Akataka akuombe radhi mbele za watu. Na mtu wa kawaida, mle ndani, nafasi ya kusema anapewa pale tu pa pingamizi."

Mke wangu alibadilika uso. Sijawahi kumwona vile, si kabla wala baada.

Baba mkwe alikuwa amesimama chini ya mnara, peke yake, tai ameilegeza. Tukamwendea.

"Baba, nisamehe. Sema sasa."

"Nimwambie nani?" Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. "Watu si wanaondoka."

Kweli, magari yalikuwa yameshawaka, foleni inaelekea getini.

Mke wangu akakusanya gauni lake lote mikononi, akavua viatu, akakimbia. Akafika getini, akasimama mbele ya gari la kwanza, mikono ameinyoosha, shela inapepea. Honi zikalia. Watu wakachungulia madirishani.

"Shukeni!" akapiga kelele. "Hakuna anayekula karamu yangu kabla baba yangu hajasema!"

Walishuka. Wengine wananung'unika, watoto wamebebwa, Mzee Kanuni na kofia yake mkononi. Baba mkwe akaja hadi katikati ya uwanja, akanishika bega.

"Nilisema kazi ya huyu si kazi," akasema. "Nilikosea. Huyu ni mwanangu."

Uwanjani hakuna mwangwi. Maneno yalitoka yakaishia hapo hapo.

"Hatujasikia huku!" akaita dereva wa gari la mwisho.

Akavuta pumzi. "Nilikosea! Huyu ni mwanangu!"

"Amesema nini?" ajuza mmoja akauliza.

Akalisema mara ya tatu kwa nguvu zake zote, mpaka njiwa wakaruka mnarani. Mimi nilikuwa nalia bila aibu, suti na kila kitu.

Funzo langu ni hili, ndugu zangu. Usimzibe mtu mdomo kwa sababu unaogopa atakalosema. Alichokubeza nacho jana unakijua, lakini alichokuja nacho leo hujakisikia. Mwache aseme, na kama ni baya, utalijibu.

Shangazi mguu ulipona. Mke wangu bado hajajisamehe, na kila baba yake akianza kusema jambo mezani, yeye huzima redio.