Mstari Aliopewa Mama

Mama yangu alikuwa na namna yake ya kumuuliza Mungu. Anafumba macho, anafungua Biblia popote, anashusha kidole, kisha anasoma pale kilipoangukia. Ndivyo alivyoamua siku ya kupanda maharage, ndivyo alivyoamua kama tuuze ndama. Mara moja aliuliza kama amshitaki jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, kidole kikaangukia orodha ya wanyama wasioliwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Kule kwetu Endamarariek wanawake wengi wa kikundi chake cha maombi hufanya hivyo, na hakuna anayewashangaa. Mimi nilikuwa nakereka. Nafundisha somo la Biblia sekondari, Karatu mjini, na kila siku nawapigia wanafunzi kelele: soma mstari wa juu yake, soma wa chini yake, uliza nani anaambiwa. Mama alikuwa akinisikiliza, kisha anasema, "Haya, mwalimu," kwa sauti ya kunitania.

Alikuwa na kisukari. Kidonda kikamtoka mguuni, kikagoma kupona, vidole vikawa vyeusi. Tukampeleka hospitali, na daktari hakuzunguka: mguu ukatwe chini ya goti wiki hiyohiyo, la sivyo sumu itapanda na atakufa. Mama akaomba Biblia yake, akafumba macho palepale kitandani. Kidole kikaangukia zaburi ile inayosema kwamba Mungu huilinda mifupa ya mwenye haki, hata mmoja hauvunjiki.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Turudini nyumbani."

Jamani! Nilitamani kupiga ukuta. Nikamwambia mstari wa juu yake unasema mwenye haki huteseka sana, mbona huo huusomi? Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Mwanangu, nikikuita uje ule, huwa unauliza nilikuwa nasema nini kabla ya hapo?"

Hasira ikanipanda. Nikamwambia Injili iliyachukua maneno hayohayo ikayapeleka msalabani. "Mifupa ya Yesu haikuvunjwa, ni kweli, mama. Lakini alikuwa ameshakufa!"

"Na akafufuka," akasema, huku akitafuta kanga yake.

Basi nikamkumbusha kwamba Yesu mwenyewe alisema ni afadhali mguu ukatwe kuliko mtu kuangamia mzimamzima.

"Huo ni mguu unaompeleka mtu dhambini," akasema. "Wangu umenikosea nini?"

Mtu yuleyule asiyesoma cha juu wala cha chini, leo ananifundisha mimi nani aliambiwa nini! Nikamgeukia baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ni yeye tu ambaye mama angemsikiliza. Nikamwambia, "Baba, tafadhali, sema neno."

"Mungu ameshasema na mama yako," akajibu. "Mimi niongeze nini?"

Tukamrudisha nyumbani. Wanawake wa maombi wakaja wakaimba, na siku mbili tatu nikaona aibu, maana mama alikuwa akicheka nao na kula ugali wake vizuri. Kisha homa ikampanda. Akawa anaita majina ya ng'ombe waliokufa zamani. Nilimgeuza, nilimwosha, harufu ya ule mguu ikabaki mikononi mwangu hata nikinawa kwa sabuni. Alikata roho asubuhi, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka kwenye mbaazi zetu. Nililia, na nilimkasirikia vilevile. Nasema kweli, nilimkasirikia marehemu mama yangu.

Tangu saa ile baba hakula. Aliniambia neno moja tu, tukiwa wawili jikoni: "Je, kama nisingenyamaza?" Nami nikakoroga uji, nikajifanya sikusikia.

Siku ya maziko mchungaji alisimama kando ya kaburi. Alisema Mungu alimwahidi dada yetu kwamba mifupa yake haitavunjwa, na tazameni, anakwenda kaburini mzima, na miguu yake yote miwili. "Mungu wetu si mwongo," akasema. Watu wakaitikia amina.

Damu ilinichemka. Eti ahadi imetimia! Kwa hiyo Mungu alimtaka mama, au aliitaka mifupa? Jibu nilikuwa nalo, tena refu, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Ndipo nikamwona baba ng'ambo ya shimo. Alikuwa ameinua uso kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Hakuwa anamtazama mchungaji. Alikuwa ananitazama mimi, mwalimu, akingoja nimwambie kama ni kweli.

"Amina," nikasema, kwa sauti, wote wasikie.

Baba akaitika kwa kichwa. Akainama, akachota udongo, akaanza kumzika mke wake.