Chupa ya Silika Nje ya Mlango

Nyumbani kwangu kulikuwa na neno moja lililopigwa marufuku, nalo ni silika, ile ya vumbi la mawe, si ya tabia. Uvivu nilivumilia, kelele nilivumilia, hata viatu vyenye matope nilivivumilia mpaka sebuleni. Silika, hapana. Nilishaapa kwamba kitu chenye jina hilo hakitavuka kizingiti changu nikiwa hai, na mimi nikiapa sirudi nyuma. Muulizeni mume wangu.

Mume wangu watu wanamwita Pimamaji. Alikuwa fundi wa vigae kwa miaka thelathini na mmoja, na pimamaji yake, kile kipimo chenye kichupa cha maji katikati, haikumtoka mkononi. Siku tulipohamia hapa alipima sakafu ya chumba kabla kitanda hakijaingia. Kilipoingia, akapima kitanda. Mama yangu alipokuja kututembelea alimkuta mkwewe ameinama anapima meza ya chakula, akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu iko siku atakupima na wewe." Nikamwambia alishanipima, akakuta nimepinda, akanichukua hivyo hivyo.

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu inakaa barazani. Kila jioni nilimwona akirudi mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, vumbi la vigae na mawe aliyokuwa akiyakata kwa mashine. Nilimshonea barakoa za vitambaa viwili viwili, zenye kamba ndefu za kufunga kisogoni. Akazivaa shingoni. Akazivaa juu ya paji la uso. Moja nilimkamata nayo akifutia pimamaji. Nikimsema, ananijibu, "Mama, hizi zinanibana pumzi. Nikate kigae au nihangaike na kitambaa?" Nilisema mpaka koo likakauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo, kisha ngazi nne za mlangoni zikamshinda. Daktari wa kifua alituwekea picha ya mapafu ukutani na kutuonyesha madoa. "Hili ni vumbi la silika, mzee," alisema. "Limo kwenye mchanga, kwenye mawe, kwenye vigae. Lililoingia halitoki. Tunachoweza ni kuzuia lisiingie jingine." Nilimuuliza kuhusu barakoa zangu. Akasema kitambaa peke yake kisingetosha kwa vumbi laini namna ile, ingawa lolote lililozuiwa lingekuwa faida. Nilitoka pale nimeshika begi la mume wangu, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Niliipeleka kwenye neno lile.

Pimamaji aliacha kazi. Akachagua kiti kimoja sebuleni, akakigeuzia ukutani, akakaa miezi saba. Chakula alikigusa tu. Nikimuuliza kitu anajibu "sawa", hata kama nimemuuliza chai au maji. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku ile ya picha za mapafu, kwa sababu mtu anaweza kufa huku amekaa mbele yako na shati alilovaa umelipiga pasi wewe mwenyewe.

Siku moja, nikiwa na sare za shule za kushona mpaka juu ya meza, nilinunua miche kumi ya matango, nikaipanga barazani ndani ya ndoo, nikamwambia, "Mimi sina nafasi. Ikifa, imekufia wewe." Kesho yake nilisikia kiti kikisogezwa. Alitoka na kopo la maji. Wiki iliyofuata alishatengeneza chanja ya fito na kamba ya kupandishia matango, na fito zote alizipima zikawa sawa kama rafu za dukani. Akaanza kula. Akaanza kunikosoa mishono. Nilimshukuru Mungu kwa kukosolewa.

Sharti langu lilikuwa moja: mchanga hauingii, udongo wa nje hauingii, kitu cha kutimua vumbi sikitaki. Kwa hiyo ndoo zilijaa makumbi ya nazi yaliyosagwa na mboji yenye unyevu, basi.

Matango yale ya kwanza yalirefuka haraka, mashina laini, majani makubwa yanayolegea. Kisha ukungu mweupe ukaingia, ukatambaa jani hadi jani. Upepo wa alasiri moja ulivunja mashina sita. Pimamaji aliyatazama, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake, uso ukutani. Siku mbili. Siku ya tatu akainuka, akapanda mengine. "Haya yakifa, mke wangu," aliniambia, "usininunulie tena." Nilijua maana yake. Wala hakuhitaji kunifafanulia.

Ya pili nayo yakaanza kurefuka kwa ulegevu ule ule. Asubuhi moja akavaa kofia, akatoka peke yake kwenda duka la pembejeo. Ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mzima wa afya. Yeye ulimchukua karibu saa nzima, na njiani alikaa mara tatu. Alirudi na chupa. Niliipokea kwa furaha, nikasoma karatasi yake.

"Hii ni nini?"

"Silika ya maji. Ya mimea."

"Ni ile ile?"

"Ni ndugu yake."

"Basi ndugu yake alale nje."

Niliitoa, nikaitua chini kabisa ya ngazi, nikafunga mlango. Tukagombana kama hatujawahi. Alisema dawa ya moto ni moto. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, na mimi sitakiwekea kitanda. Alikohoa katikati ya ugomvi, nikashindwa kuendelea, nikaondoka kwenda kupika nikilia kwa ghadhabu. Chupa ikakaa chini ya ngazi siku tisa. Majirani waliiruka wakipita.

Siku ya tisa niliamua kwenda kumaliza maneno na mwenye duka. Nilimkuta mwanamke wa makamo, amevaa glavu, anapanga mifuko ya mbolea. Nilimwambia yote, tena kwa sauti: mapafu, daktari, miaka thelathini na mmoja. Aliniacha nimalize.

"Pole sana, mama," akasema. "Ile ya unga hata mimi nisingempa, ina vumbi. Hii ni ya maji, hairuki, haipandi puani. Mnapanda kwenye nini?"

"Makumbi na mboji."

"Udongo hakuna?"

"Hakuna. Nimekataza."

Akatingisha kichwa polepole. "Mmea unainyonya silika toka kwenye udongo, unaitandaza kwenye ngozi ya jani na shina ili ukaze. Ndani ya makumbi ni kidogo mno. Sikudanganyi, siyo dawa ya ukungu, wala haifufui kilichokufa. Inausaidia mmea uhimili. Yenu yamekosa, ndiyo maana yanalala."

Yamekosa. Nani aliyeyanyima? Nilisimama mle dukani nikahisi aibu ikipanda hadi masikioni. Nilikuwa nimelifungia nje lile lililomla mume wangu, na kwa mkono huo huo nikawa nayavunja mashina yaliyomwinua kitini. Mwenye duka akanieleza namna ya kuchanganya: silika kwanza, peke yake, kwenye maji mengi, ukoroge, mbolea baadaye. Na glavu, maana ni kali kwa ngozi na macho. Nikamwomba arudie. Nikarudi nyumbani kwa haraka ambayo umri wangu hauiruhusu.

Nilimkuta Pimamaji amekaa kwenye ngazi ya chini, ndoo mbele yake, chupa pembeni imefunguliwa. Hakuivusha kizingiti. Alishuka yeye kuifuata. Ndani ya ndoo maji yalikuwa yamekatika, yamejaa mabonge meupe kama maziwa yaliyochacha.

"Hata hii imenikataa," alisema bila kuniangalia. "Nimetia mbolea, nikakoroga vizuri, mwisho nikatia silika yenyewe. Kama tulivyokuwa tukitia dawa ya kuzuia maji kwenye zege. Ikaganda yote." Akapumua kwa shida. "Nipe mkono nirudi ndani."

Ndani maana yake kiti, na mimi sikumpa mkono. Nilimwaga ile ndoo, nikaisuuza, nikaiokota chupa. Kisha nikapanda ngazi nne, nikavuka kizingiti changu nikiwa nimeibeba silika kwa mikono yangu miwili, nikaiweka juu ya meza ya cherehani. Kiapo changu nilikivunja mwenyewe, bila kusukumwa.

"Panda," nikamwambia. "Fundi mzima wa zege unashindwa na mabonge? Silika ndiyo inaanza, mbolea inafuata. Tunaanza upya. Lakini nina sharti."

"Sharti gani tena?"

"Barakoa."

Alinitazama kutoka kule chini. "Mama, hii ni maji. Haina vumbi. Barakoa haina kazi hapa."

"Najua."

Akapanda, ngazi moja, pumzi, ngazi moja, pumzi, akanipita akaingia chumbani. Nilisikia sanduku la vifaa vyake likifunguliwa, sanduku ambalo hakuligusa tangu siku ya daktari. Alirudi na rundo la barakoa zangu. Zilikuwa nyingi, mpya, zimekunjwa nne nne kama nilivyompa. Akachagua ya bluu yenye mshono wa njano, akaifunika pua na mdomo, akainama nimfunge kamba. Vidole vyangu vinavyotunga uzi sindanoni bila miwani vilishindwa kufunga fundo. "Uliniambia," alisema ndani ya kitambaa. "Kila siku uliniambia." Tukavaa glavu, tukachanganya kwa mpangilio, na maji yakabaki maangavu.

Muujiza haukutokea. Majani yaliyokwisha kulegea yalibaki hivyo. Ni yale yaliyochipua baadaye, wiki ya tatu na ya nne, yaliyokuja mazito, ukiyapapasa yanakwaruza, na mashina yakashika fito. Ukungu ulirudi, ukala majani mawili matatu, tukayakata, haukuenda mbali. Upepo wa alasiri uliyatikisa ukayaacha wima. Pimamaji aliyapima, na tulichuma matango thelathini na manne. Kifua chake hakikupona, na hakitapona. Ila kile kiti sasa kipo barazani, kimeigeukia mimea, na mwenyewe hakikalii sana.

Jumamosi iliyopita alikuwa anachanganya silika yake, amevaa barakoa, kamba zimefungwa sawasawa. Jirani wa ghorofa ya juu, mpenda utani, akasimama kwenye ngazi akacheka.

"Fundi, siku hizi maji nayo yana vumbi?"

"Hayana," akajibu, bila kuacha kukoroga. "Hii navaa ya siku zile ambazo sikuvaa."

Jirani hakuelewa, akapita zake. Mimi niliinamia cherehani, nikashona mshono ule ule mara mbili.