Nilinyoosha tenki la pikipiki nyumbani kwa siri, nusura nimponze mdogo wangu

Mwangaluka wakuu.

Kuna mdau ameuliza humu namna ya kutoa bonde kwenye tenki la pikipiki bila kwenda kwa fundi. Nimeanza kumjibu, nikajikuta naandika uzi mzima. Haya sikusimuliwa, yalinipata mwenyewe, na sitajipamba.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko la pamba limeshafunguliwa. Wanunuzi binafsi walijaa kila kijiji na mizani yao. Mimi nilikuwa karani wa mmoja wao, kule Sapiwi, Bariadi.

(Vijana mnaosema Simiyu, wakati huo hakuna Simiyu. Sisi tulikuwa Shinyanga, na ukivuka kwenda Busega umeingia Mwanza.)

Nilikuwa na pikipiki nyekundu, mtumba. Enzi hizo pikipiki zilikuwa chache mpaka tulizijua kwa majina ya wenyewe.

Mdogo wangu Masunga akaiazima kwenda Kiloleli, kujitambulisha kwa baba wa binti aliyetaka kumuoa. Akarudi kesho yake mchana.

Tenki lina bonde ubavu wa kushoto, ngumi inaingia.

"Ni ng'ombe, kaka," akasema kabla sijauliza. "Jike lenye ndama. Niliegesha karibu na zizi, likaipiga pembe."

Hapo kwenye "kabla sijauliza" ndipo shaka ilipoanzia.

Siku mbili baadaye, nikiwa kwenye mzani, wakulima wakaleta habari. Kule Kalemela mzee mmoja kagongwa na pikipiki, mguu umevunjika, dereva kakimbia.

Pikipiki nyekundu. Siku ile ile. Na Kalemela na Kiloleli siyo mbali.



Nikaanza kumchunguza Masunga. Akicheka, najiuliza anacheka nini. Akinyamaza, ndiyo kabisa. Siku moja alifua shati, nikalitazama pale kwenye kamba kama askari.

Mke wangu, Mama Kulwa, akanishtukia.

"Si umuulize?"

"Nikimuuliza atadanganya."

"Basi mwamini."

Sikufanya hata moja. Nikaamua kulitoa lile bonde. Kwa fundi sikwenda, maana fundi angeliona, na jioni mji mzima ungejua.

Sasa mdau uliyeuliza, sikiliza hapa.

Nilifungua tenki, nikamwaga petroli yote kwenye dumu, nikaliweka mbali na jiko. Nikasuuza tenki kwa maji na sabuni ya unga, mara nne au tano, nikalijaza maji, nikaliacha juani siku mbili. Usiruke hatua hii, mvuke wa petroli unaua.

Kisha nikakunja nondo nyembamba kama ndoano, ncha nikaifunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikalilaza tenki juu ya gunia la mchanga, nondo ikaingia kwenye mdomo wa kuwekea mafuta, nikawa nasukuma bonde kutoka ndani. Kidogo kidogo, kuanzia pembezoni. Ukianza katikati bati linakunjamana.

Kwa nje nikagongagonga na nyundo ya mti. Nikapiga msasa, nikapaka puti, nikapaka rangi.

Kabla ya msasa niliona kitu. Katikati ya bonde palikuwa na mchubuko mwembamba, mrefu, kama umechorwa na ncha kali.

Niliuona kabisa. Nikaupiga msasa.

Siku ya nne baada ya kupaka rangi wakaja sungusungu, walinzi wa jadi wa Kalemela, watu sita na mtemi wao, yaani kiongozi wao, wakifuatilia kila pikipiki nyekundu. Walishaambiwa Masunga alipita kwao siku ile.

Mtemi akazunguka pikipiki, akagusa tenki kwa kidole.

"Rangi hii mpya. Palikuwa na nini hapa?"

"Kutu," nikasema.

Masunga, ambaye alikuwa anatoka ndani, akasema, "Palibonyea. Ng'ombe aliipiga pembe."

Mtemi akanitazama, akamtazama yeye.

"Nyumba moja, majibu mawili. Twende, kijana."

Wakaondoka naye, mikono imefungwa kwa kamba.

Nilipiga kiki hapo hapo, nikaenda Kiloleli kwa baba wa yule binti. Nilikwenda nikiamini nitakuta hakuna ng'ombe yeyote. Hata wakati ule, wakuu, bado sikumwamini mdogo wangu.

Nikamuuliza mzee yule habari za ng'ombe. Alinipeleka zizini, akanionyesha jike jeupe lenye ndama. Ncha ya pembe la kulia ilikuwa bado na rangi nyekundu.

"Kijana aliniomba radhi kwa kumshtua ng'ombe wangu," akasema. "Kwani hakukwambia?"

"Aliniambia."

"Sasa umefuata nini?"

Nikamweleza yote. Akapanda nyuma ya pikipiki, tukaenda Kalemela, akatoa ushahidi mbele ya sungusungu. Wakampeleka Masunga nyumbani kwa majeruhi. Mzee yule, mguu umefungwa mbao, akatikisa kichwa. Aliyemgonga alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye upara.

Wakamfungua. Alikuwa amekula fimbo za mgongoni.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe."

Akasema, "Wale hawanijui, kaka. Wewe je?"

Akapanda gari la pamba kurudi Sapiwi. Nyuma yangu hakutaka kukaa.

Baba wa binti naye akasema atasubiri. Familia ambayo kaka hamwamini mdogo wake, aliniambia, binti yangu ataishije humo? Ndoa ilichelewa msimu mzima wa pamba. Walioana baadaye, wana watoto wakubwa sasa. Tunasalimiana vizuri, tunazikana, tunaalikana. Lakini tangu siku ile Masunga hajawahi kunieleza jambo lake lolote kabla halijaisha.

Nilichojifunza: bonde la tenki unaweza kulitoa mwenyewe nyumbani. Ila kama una shaka na mtu wako, muulize usoni kabla hujashika nyundo. Mimi nilidhani namficha mkosaji, kumbe nilikuwa nafuta alama ya pembe ambayo ingemtetea papo hapo.

Waliowahi kumshuku ndugu bure, mlirudishaje imani yake? Nawasoma hapo chini. Na mafundi, kama nimekosea kwenye nondo, nirekebisheni.