Pole ya Mjomba

Chuoni wenzangu walinitania kwa kusomea lugha ya mahakamani: isimu na jela, wapi na wapi? Nikawajibu kwa maringo kwamba mtu hufungwa kwa maneno kabla ya kufungwa pingu. Maneno matamu hayo, maadamu hajafungwa mtu wako.

Nilirudi Ifakara na kibali cha utafiti: nikae benchi la nyuma mahakamani, nisikilize, niandike, nisijitie kwenye kesi ya mtu. Wiki nzima hakuna aliyekaa karibu nami. Wenye kesi walinidhania mtu wa serikali, na makarani waliniona mbea tu. Mchana nilikula wali na perege peke yangu. Upweke ule sijapata kuuzoea.

Kisha akaletwa mjomba wangu, kaka yake mama, mkulima wa Lupiro. Mpunga wa jirani yake, uliokuwa umekatwa na kurundikwa shambani, ulikuwa umeungua, na yeye akashtakiwa kuuchoma. Ushahidi wenyewe ulikuwa mmoja: kesho yake asubuhi alikwenda kwa jirani, mbele ya watu, akasema, “Pole jirani, nisamehe.”

Hakimu akamwuliza kama kweli alisema hivyo. Mjomba akakubali bila kusita, kama mtu aliyefunzwa adabu. Wazee wa kwetu hawatoi pole kavu. Jirani akipatwa na balaa unamwomba radhi hata kama ulikuwa umelala kwako, kwa kuwa hukuwepo kumsaidia. Nililijua hilo, ndilo nililokuwa nikilisomea. Ningeweza kuomba niwe shahidi wake, lakini nikawaza kwamba kibali kitafutwa na mwaka wangu wa masomo utakwenda na maji. Mjomba aligeuka, akanitafuta kwa macho. Nikainamia daftari. Nilikuwa mwoga, basi.

Akafungwa miaka miwili. Mimi nikahitimu, na katika yote niliyoandika, kesi yake ndiyo iliyosifiwa zaidi.

Mwaka huu mama alifariki. Mjomba, ambaye sasa yuko huru, alifika kutoka Lupiro asubuhi, akashinda nami msibani. Watu wote walinipa pole. Yeye alinitandikia mkeka, akanimiminia uji, akahakikisha nimeumaliza. Nilimsubiri aseme neno, jamani, nilimsubiri kama mtoto. Alipoinuka kuondoka alinishika mkono kwa muda mrefu, akafungua mdomo, akawatazama watu waliokaa pale uani, akaufunga.