Choo Changu, Jina la Dada

Nilijaza mkebe wa choo wa dadangu kwa choo changu mimi. Basi, nimesema. Wengine wenu mmeibia mitihani. Mimi niliibia maabara.

Ngoja nieleze kabla hujaziba pua. Dadangu yuko gredi ya saba. Muhula uliopita alianza kutoka madoa ya zambarau miguuni na mikononi, na hakuwa ameanguka popote. Hapo ndipo kila mtu akaanza kumshuku kila mtu. Mwalimu alimwita mama shuleni, akamuuliza polepole kama nyumbani kuna mtu mwenye mkono mzito. Mama aliporudi akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ng'ombe.

Kumbe ni damu. Daktari alisema askari wa mwili wake wamechanganyikiwa, wanashambulia zile chembe za kugandisha damu. Tena kuna bakteria wa tumboni ambaye kwa watu wengine ndiye huwachochea askari hao. Akiondolewa, chembe huweza kupanda, ingawa si kwa kila mtu. Kwa hivyo tulete choo kipimwe.

Mama hakuamini. "Damu iko kwa mshipa. Huko nyuma anatafuta nini?"

Lakini neno tumbo lilimkaa. Sisi tulihamia Boito kutoka Kisii, na mama hajawahi kuamini mursik, yale maziwa ya huku yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa makaa. Dada naye huinywa kwa jirani yetu kama maji.

Siku ya kupeleka mkebe, mama aliondoka mapema kuchuma majani chai. Amri ilikuwa moja: akitoka kupimisha majani akute mkebe tayari. Dada alichuchumaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi. Wapi!

"Nisaidie," alisema nyuma ya mlango, sauti ya kulia. "Mama atasema sitaki kupona."

"Nikusaidie aje? Nikusukume?"

"Choo ni choo. Weka yako."

Kwangu hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nilimkabidhi mkebe nikamwambia, "Shika vizuri madam, bado iko moto."

Majibu yakatoka: bakteria yuko. Nilicheka kwanza. Kisha nikakumbuka ni tumbo la nani.

Mama alitoka hospitalini na pakiti za dawa, akaenda moja kwa moja mpaka uani kwa jirani na kumrudishia kibuyu alichokuwa amempa dada.

"Mama, tangu lini mursik ikatoa mtu damu?" jirani akauliza.

"Muulize daktari."

Daktari hakuwa amesema lolote kuhusu mursik. Jirani alipokea kibuyu, akanitazama mimi niliyejificha nyuma ya mama. Nikaanza kumshuku hata yeye. Choo chetu kinaonekana kutoka kwake. Labda aliona mkebe ukibadilisha mikono.

Asubuhi mama alipanga vidonge mezani, mwanzo wa wiki mbili za dawa. Dada alinitazama juu ya kikombe kwa macho ya kusema, ukifungua mdomo nakumaliza. Kabla hajameza hata kimoja, pua yake ikaanza kutoka damu. Haikuwa mara ya kwanza, ila sasa leso ya kwanza ilijaa, ya pili ikajaa, na bado. Mimi nikawaza: kama huyo bakteria ni wangu peke yangu, daktari atakaa wiki mbili akingoja dawa ifukuze mgeni ambaye hayuko, na huku dada anaisha.

"Mama, ile choo ilikuwa yangu."

Mama hakuachilia pua ya dada. "Yote?"

"Yote."

"Mimi ndiye nilimwomba," dada akasema ndani ya leso.

Hatimaye damu ikakoma. Mama alirudisha vidonge kwenye pakiti, kimoja kimoja, akatutazama kama kuku waliopatikana ndani ya unga. Ndipo akasema:

"Vaeni viatu. Tunarudi kwa daktari sasa hivi, na safari hii kila mtu atajaza mkebe wake mlango ukiwa wazi, mimi nikiwa nimesimama hapo."